Rangi nyekundu na hesabu za chama

Kwa Mhariri,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wauza samaki hapa Kondele, Kisumu. Mchango ni shilingi 500 kila Jumamosi. Zamani nilikodolea macho Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, hadi yaniume. Siku hizi nimeiamuru kila seli, yaani kisanduku cha jedwali, iliyo chini ya 500 ijipake nyekundu yenyewe. Mwenye deni anajiona, simtaji jina. Ila juzi mama mmoja aliyetoa 200 alibaki mweupe pe! Kumbe niliandika “200/=”, na kompyuta ikaisoma kama maneno, si nambari. Nilipofuta ile alama, wekundu ukaja papo hapo. Waweka hazina wenzangu, andikeni tarakimu tupu. Yule mama, kwa taarifa yenu, bado hajamalizia.

Mweka hazina,
Kondele, Kisumu