Mshauri aliyekataa kunituliza ndo aliyenisaidia

Ndugu Mhariri,

Mi ni dereva wa bajaji, napiga Segerea Kinyerezi na ukinikodi nakufikisha hata Buguruni. Gazeti lako tunalisoma kijiweni kwa kupokezana na nashukuru siku hizi mnaandika sana mambo ya afya ya akili, sonona, msongo wa mawazo, yote ni kweli na yapo. Ila kuna ugonjwa mmoja sijauona mkiugusia nao ndo ulionila mimi miaka sita, kwaiyo naomba nafasi niueleze, na zaidi nieleze tiba yake mana nimezunguka sana mpaka kuipata.

Unaitwa OCD, yani wazo la hofu linakuja hujaliita na linakulazimisha urudierudie kitu kilekile ili utulie. Kwangu ulianza usiku mmoja wa mvua, nimetoka kushusha abiria, nikapanda tuta maeneo ya Barakuda, bajaji ikaruka kidogo, na hapohapo likaja wazo kwamba nimegonga mtu. Nikageuza, nikaangalia, hakuna kitu. Nikaondoka. Sijafika mbali likarudi, je kama kaangukia mtaroni? Nikageuza tena, nikashuka na tochi ya simu nikamulika mtaro wote nimelowa chapachapa. Usiku ule niligeuza mara nne, na nilipofika nyumbani nikakagua matairi kama yana damu.

Sasa wewe unazijua barabara zetu, matuta na mashimo hayahesabiki, na kila tuta kwangu likawa mtu. Nikawa nageuza mchana, nageuza na abiria ndani, abiria anauliza we kaka vipi mbona tunarudi, nadanganya kwamba nimedondosha simu. Mafuta yanaisha, hesabu ya tajiri haifiki. Usiku silali nasikiliza redio kama itatangazwa ajali. Kuna siku nilienda mpaka mapokezi ya hospitali kuuliza kama kaletwa mtu kagongwa na bajaji, yule dada wa mapokezi akanitazama akaniuliza, kwani wewe umegonga? Nikashindwa kumjibu. Yani sikuwa na uhakika, na hapo ndo penye uchungu wenyewe, macho yangu yameona barabara nyeupe lakini moyo unakataa.

Niliambiwa mengi, nimerogwa, nina pepo, nimeanza kuvuta bangi. Siwalaumu, kila mtu alisema anachokijua. Nilikunywa kombe na nilienda kwenye maombi pia, sisemi vibaya juu ya dua na mpaka leo naomba, ila kugeuza bajaji hakukuisha.

Na lugha yetu nayo inatuponza kidogo hapa. Ukisema nina wasiwasi, mtu anakuelewa kama una wasiwasi wa ada au kodi ya nyumba, anakwambia ondoa wasiwasi. Sheikh mmoja mtaani kwetu ndo alinifumbua, akaniambia neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, waswasi, ule mnong'ono unaokuja kifuani hujauita, na akasema tangu zamani wanazuoni walikuwa wanamkataza mtu wa namna hiyo asirudierudie udhu, aendelee tu na sala yake. Mzee wa watu hajasomea saikolojia lakini alikuwa ameukaribia ukweli kuliko wengi niliowalipa hela.

Mana nilipoenda kwa mshauri wa kwanza, na nililipa pesa ya siku mbili barabarani kwa kila kikao, alinipokea vizuri sana. Akaniambia wewe ni dereva makini, leseni yako safi, ukipata hiyo hofu vuta pumzi alafu jiambie sijagonga mtu. Nikatoka pale mwepesi, nikasema nimepona. Wiki ya pili nikawa lazima niseme "sijagonga mtu" mara saba kila nikivuka tuta, na nikikosea kuhesabu naanza upya. Yani dawa yenyewe ikageuka ugonjwa mwingine. Nilivyorudi kumueleza akaniambia niongeze mazoezi ya pumzi. Nadhani hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ila hakuwa amefundishwa tiba ya ugonjwa huu, na hiki ndo kilichonifanya nishike kalamu.

Baadae nikaelekezwa hospitali ya serikali, nikakutana na mwanasaikolojia, dada mdogo tu kwangu kiumri, na siku ya kwanza nikamuuliza kile ninachouliza watu wote, dada unaona mimi nimegonga mtu? Akasema, hilo sitakujibu. Nikakasirika. Akanieleza taratibu, kwamba hofu inapanda, wewe unageuza kuangalia, hofu inashuka, basi akili inajifunza kwamba kugeuza ndo kumekuokoa na kesho itakudai tena na zaidi. Kwaiyo kazi yetu hapa sio kukuhakikishia, ni wewe kukaa na hiyo hofu bila kugeuza mpaka ijishukie yenyewe, na kuzoea kuishi bila uhakika wa asilimia mia kama madereva wengine wote.

Tukaandika hofu zangu kama ngazi, nyepesi chini, nzito juu, kila moja tunaipa namba kuanzia sifuri mpaka mia. Tulianza na kuvuka tuta mchana bila kutazama kioo. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Mi nilitetemeka, jasho, mikono inateleza kwenye usukani, hofu nikaipa tisini, nikaenda mpaka Kinyerezi sijageuza, baada ya kama nusu saa ikawa sitini, jioni ikawa thelathini. Sikuamini kwamba inaweza kushuka bila mimi kurudi kuangalia. Tukapanda, usiku, mvua, mpaka kuvuka tuta huku najisemea mwenyewe kwamba labda nimegonga na sitarudi. Hiyo ya mwisho ilinichukua miezi. Na sheria ya barabarani ilibaki palepale, mtu akigongwa kweli unasimama, dada alilisisitiza hilo, tunachokataa ni kurudi kumtafuta mtu ambaye hujamuona wala kumsikia.

Mke wangu naye aliitwa. Miaka yote hiyo kila usiku alikuwa ananiambia baba, hujagonga mtu, lala. Alikuwa anasema kwa upendo, na akaambiwa hicho ndo chakula cha ugonjwa. Akafundishwa kujibu, sijui baba watoto, inawezekana. Usiku wa kwanza alijibu hivyo akalia, na mimi nikalia, tukalala hivyohivyo. Kwa kweli sijui kama kuna mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko yeye.

Na dawa nilitumia, daktari alinianzishia fluoksetini akapandisha polepole, akaniambia mapema kwamba kwa ugonjwa huu dozi huwa kubwa kuliko ya sonona na inaweza kuchukua wiki nane mpaka kumi na mbili kuonyesha kazi, nisiache katikati. Nashukuru aliniambia, mana wiki ya nne nilitaka kuzitupa.

Kilichoniuma ni kujua kwamba tiba hii ya kuikabili hofu sio ya jana. Mtu mmoja anaitwa Victor Meyer aliiandika mwaka 1966 kule London, baada ya kuwatibu wagonjwa wawili walioshindikana, na toka hapo imefanyiwa utafiti nchi nyingi. Kwenye nchi walizopima, kama watu wawili katika kila mia wanaupata ugonjwa huu wakati fulani wa maisha yao. Pima hiyo kwa jiji kama Dar. Wapo wanaonawa mikono mpaka inachubuka, wapo wanaorudi kukagua kufuli na jiko mara ishirini, wapo mama wanaogopa kushika kisu karibu na mtoto wao kwa sababu ya wazo ambalo wanalichukia, na hao ndo hawasemi kabisa mana wanaona watu watawaogopa.

Kwaiyo ombi langu, mhariri, watafuteni wataalam wa Muhimbili waielezee tiba hii kwa Kiswahili cha kawaida. Na wanaofundisha washauri nasaha, naomba wawafundishe hii, wasiishie kwenye pumzi na maneno ya faraja. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wanaopanga mafao wavikumbuke na vikao, sio vidonge tu, mana mimi vidonge vilinipa nguvu ya kusimama ila kuvuka tuta nilifundishwa na mtu.

Na kama kuna dereva anasoma hapa na leo kageuza chombo mara mbili kuangalia kitu ambacho hakipo, ukifika kwa daktari usiseme tu nina mawazo. Sema nageuza, sema mara ngapi, sema nahesabu nini. Alafu muulize, utanifundisha nisigeuze?

Dereva wa bajaji, Segerea, Dar es Salaam