Makumbusho ya milima Mbeya yaanze na dirisha

Ndugu Mhariri,

Ukiulizia makumbusho huku Nyanda za Juu Kusini utaelekezwa Boma la Iringa au Kimondo cha Mbozi. Milima yenyewe, iliyozipa nyanda hizi jina, haina hata chumba. Sisi ni waongoza wageni na walimu wa jiografia wa Mbeya, na tunasema hivi: siku Jiji litakapotaka makumbusho ya milima, lisianze kwa kununua makabati ya vioo. Lianze na dirisha na meza.

Torino, Italia, walianza hivyo. Mwaka 1874 wapanda milima waliweka kituo cha kuitazamia milima ya Alps juu ya kilima cha Monte dei Cappuccini. Makumbusho yaliyopo pale leo yalikua kutoka kwenye kituo hicho.

Dirisha letu litazame kaskazini, uliko mlima Loleza. Mezani pakae mfano wa ardhi uliochongwa kwa kufuata ramani za 1:50,000, yaani sentimita moja ni nusu kilomita. Eneo la kilomita 80 kwa 80, kutoka Mlima Mbeya hadi Matema ufukoni mwa Ziwa Nyasa, linaenea kwenye meza ya mita 1.6 kila upande. Kata plaiwudi ya milimita 4, tabaka moja kwa kila mita 100 za mwinuko. Kutoka usawa wa Ziwa Nyasa, kama mita 475, hadi kilele cha Rungwe, karibu mita 2,960, ni matabaka 25, yaani sentimita 10. Hapo kimo kimekuzwa mara mbili kuliko upana, kinatosha kuonekana. Ukikuza mara tano, Loleza unageuka sindano na mtoto anaondoka akiamini haupandiki.

Shiti ya plaiwudi ina upana wa futi 4 tu, kwa hiyo matabaka ya chini yataungwa. Viungo vipishane; vikikaa mstari mmoja, mfano utapasuka hapohapo. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi (MDF) ziachwe, maana unyevu wa huku huzivimbisha kingo. Gundi iwe ya mbao. Ya unga wa muhogo ni karamu ya mende.

Kosa baya kuliko yote ni kuigeuza meza ili ienee chumbani. Kaskazini ya mfano ielekee kaskazini ya kweli, hata kama meza itakaa mshazari. Mgeni akiugusa Loleza mezani kisha akainua macho, auone dirishani upande uleule. Rungwe ataupata mezani tu: uko ng'ambo ya safu ya Poroto, kama kilomita 35 kusini-mashariki kwa mstari ulionyooka. Meza isizidi sentimita 60 kwenda juu, na pande zote nne ibaki nafasi ya mita moja. Darasa la wanafunzi 45 liingie kwa mafungu matatu, la sivyo wa nyuma wataona visogo vya wenzao.

Pembeni yawekwe mawe mawili, moja la Loleza na moja la Rungwe. Watu wengi hudhani milima yetu yote ni volkano, kumbe Mlima Mbeya na Loleza ni miamba mikongwe iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ikainuliwa na mipasuko ya ardhi. Volkano ni Rungwe, Ngozi na Kyejo. Lile jiwe jepesi lenye matundu kutoka Rungwe litiwe kwenye beseni la maji, lielee watu walione. Likilala humo siku kadhaa hunywa maji na huweza kuzama, basi jioni lianikwe. Maji nayo yamwagwe, tusifuge mbu.

Kuhusu vimo, vitabu vingine huupa Mlima Mbeya mita 2,834, vingine 2,826. Bango litaje namba moja na ramani ilikotolewa.

Vifaa vya kupandia havihitaji kuwa vingi. Kamba ya katani ining'inie karibu na ya nailoni, watu wazivute kwa mikono: ya katani hainyumbuki, hivyo anayeanguka hubanwa ghafla kiunoni au kamba ikakatika, ya nailoni hurefuka na kumpokea. Zisikae juani, kwani jua huweza kula nailoni bila kuacha alama ya kuonekana kwa macho. Na zikatwe vipande vya mita moja kabla ya kutundikwa, asije mtu akaazima kamba ya maonyesho kwenda nayo mlimani.

Waongoza wageni na walimu wa jiografia,
Mbeya