Majina mawili, orodha moja

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Kadutu. Mama yako hajambo, wadogo zako nao ni wazima. Nimesoma programu uliyonitumia toka Goma, ile ya duka la shangazi yako pale Birere, na nimeona ilipokukwamia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu jambo hili linataka usome polepole, kompyuta ikiwa mbele yako.

Uliandika hivi:

bidhaa = ["sambaza", "sombe", "makala", "chumvi"]
zilizobaki = bidhaa
zilizobaki.remove("makala")

Kisha ukaniuliza mbona makala, yaani makaa, yametoweka hata kwenye bidhaa, na wewe hukuigusa. Uliigusa, mwanangu. Katika Python, lugha uliyoandikia programu hii, alama ya = hainakili orodha; inaipa orodha ile ile jina la pili. Mama yako sokoni Nyawera wanamwita Mama Sambaza, hapa nyumbani ni mama yenu. Mama Sambaza akiugua, mama yenu naye hawezi kuamka.

Usiniamini kwa maneno tu. Ongeza mstari huu:

print(zilizobaki is bidhaa)

Utaona True, yaani ni kitu kimoja. Sasa badilisha mstari wa pili uwe zilizobaki = bidhaa.copy(), uendeshe tena. Utapata False, na makala yatabaki salama kwenye bidhaa.

Hapo usitulie haraka. Najua utataka kuweka bei, na utaandika orodha ndani ya orodha, kama ["sambaza", 3000]. copy() inanakili ile ya nje peke yake. Zile za ndani zinabaki zile zile, kwa hiyo ukibadilisha bei upande mmoja, na upande wa pili inabadilika. Kwa kazi hiyo kuna deepcopy, inayonakili hata za ndani; iko ndani ya moduli iitwayo copy. Hata ukiipa orodha funksheni, kile kipande cha programu chenye jina lake, inapokea orodha yenyewe, si nakala; ikifuta kitu ndani, na huku nje kimefutika.

Wapo wanaolalamika kwamba Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python mwaka 1991, angeacha alama hiyo inakili. Mimi naona alifanya vema. Orodha yenye vitu laki moja ikinakiliwa kila inapopewa jina jipya, kompyuta kuukuu kama hiyo yako ingechoka bure.

Kuna mstari mwingine uliofuta orodha yako nzima: bidhaa = bidhaa.sort(). sort hupanga orodha pale pale ilipo na kurudisha None, yaani hakuna kitu, nawe ukaiweka hiyo None mahali pa bidhaa. Andika bidhaa.sort() basi. Ukihitaji orodha mpya iliyopangwa, ile ya zamani ibaki ilivyo, tumia sorted(bidhaa).

Kuhesabu vitu vya orodha toka 0 umekwisha kuzoea, nimefurahi. Lakini usifute vitu ndani ya for, ile amri ya kurudia, inayopitia orodha hiyo hiyo: kimoja kikitoka, vya nyuma vinasogea mbele, na kinachofuata kinarukwa. Tengeneza orodha mpya ya kila kitu kisicho makala:

zilizobaki = [b for b in bidhaa if b != "makala"]

Rekebisha hayo, kisha nitumie programu nzima pamoja na sehemu ya bei ambayo hukunionyesha. Shangazi yako anataka kuanza kuitumia mwisho wa mwezi, nami nataka niipitie kabla hajaandika deni la mteja hata mmoja humo.

Papa yako, Bukavu