Projekti za skuli ziwe za watoto, si za wazazi

Ndugu Mhariri,

Nataka niseme kidogo kuhusu hizi projekti za skuli. Mtaala wa umilisi, hii CBC yetu ya Kenya, ulioanza madarasa ya chini 2019 unataka mtoto ajue kuwasiliana, kushirikiana na wenzake, kujiamini na kadhalika, na mimi siupingi hata kidogo, lakini wazazi wengi tumeishia kununua manila na gundi usiku usiku na kukata wenyewe huku mtoto kalala fofofo, sasa hapo nani anajifunza?

Watoto wa huku Likoni wanajifunza kila siku na hakuna anayewapa maksi. Kuna kijana mtaani kwetu akitoka skuli anamsaidia mamake kuuza viazi karai, juzi mteja kashikilia katoa mia mbili na alitoa mia, yule mtoto wala hakupandisha sauti, akamwambia "mjomba ngoja tuhesabu pamoja," akamuongezea na ukwaju, wakahesabu, jamaa akacheka mwenyewe akaomba radhi. Wakubwa wangapi wanaweza hivyo? Nenda na ferini asubuhi uone wanavyoshikana mikono na wadogo zao kwenye ule msukumano.

Basi walimu, projekti ya muhula ujao iwe hizi hizi kazi za nyumbani, mtoto aje aeleze darasani alifanya nini, alikosana na nani na wakapatana vipi. Na nyinyi wa tuisheni za Jumamosi, punguzeni jamani.

Mzazi,
Likoni, Mombasa