Sinema za Kireno na wanaobaki wakingoja

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapa kuhusu uhamiaji katika sinema za Kireno. Mwandishi amewaeleza vizuri wanaoondoka, lakini wanaobaki hakuwagusa kabisa, ilhali sinema bora za lugha hiyo zimewapa nafasi ambayo mimi sijaiona kwingineko.

Chukua Vitalina Varela, filamu ya Pedro Costa iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Locarno mwaka 2019. Vitalina ni mwanamke wa Cabo Verde, visiwa vya Afrika Magharibi vilivyotawaliwa na Ureno, aliyengoja zaidi ya miaka 25 mumewe amtumie tiketi ya ndege, na anapofika Lisbon mume amekwisha zikwa siku tatu nyuma. Anashuka ngazi za ndege usiku, miguu mitupu na majimaji, na wanaompokea ni wanawake wafanya usafi wa uwanja, wanaomwambia kwamba amechelewa, hana chake tena Ureno, arudi kwao. Harudi. Anaingia katika kibanda cha marehemu, anajigonga kichwa kwa ufupi wa mlango, vipande vya dari vinamwangukia akioga, ndipo anapoanza kumsema mumewe kana kwamba amekaa mbele yake, akimkumbusha nyumba waliyoijenga wawili kisiwani, ambayo haikuwa na aibu kama hii.

Mhariri, mimi ni mkazi wa Unguja na mume wangu alifanya kazi Muscat miaka 11. Nyumba yetu ilipanda kwa kozi: fedha zikifika, fundi anaongeza kozi mbili za matofali, zisipofika, nyasi zinaota ndani ya vyumba na majirani wanaona. Kwa hiyo Vitalina alipokuwa akipapasa ukuta mbovu wa kibanda kile, nilielewa kwamba anapiga hesabu ya miaka yake, na nililia. Makala yenu ilisifu giza na mwanga wa filamu hii, sifa inayostahili, lakini ukuta wenyewe haikuutaja.

Haikutaja pia kwamba wahusika wake husema hasa Kikrioli cha Cabo Verde, lugha ya visiwani iliyozaliwa na Kireno na lugha za Kiafrika. Vitalina, ambaye anaigiza maisha yake mwenyewe, ameshiriki kuandika filamu hiyo, na mjane humlaumu marehemu wake kwa lugha aliyokulia nayo. Kuiita kazi hiyo ya Kireno bila maelezo zaidi ni kumnyang'anya hata hilo.

Anayengoja si lazima awe mke. Katika Terra Estrangeira, filamu ya Walter Salles na Daniela Thomas, yuko mama mshonaji wa São Paulo anayeweka akiba ili siku moja aione nchi ya wazee wake huko Hispania. Mwaka 1990 serikali ya Collor, rais wa Brazil, ikazizuia fedha za watu benki. Mama anaisikia habari hiyo kwenye televisheni na roho inamtoka. Mwanawe ndiye anayevuka bahari kwenda Lisbon, na safari anayoianza ilikuwa ya mama.

Wareno nao wameyajua haya. Katika miaka ya 1960 wengi walivuka mipaka kwa magendo kwenda Ufaransa, na kulikuwa na desturi ya kuichana picha ya msafiri vipande viwili: kimoja kinabaki kwa familia, kingine anaondoka nacho, na kikirudi nyumbani kwa barua, familia inajua amefika salama na inamlipa aliyemvusha. Nusu hiyo ya picha iliyoshikwa na mke kijijini ingefaa sana kuwemo katika makala, kwa kuwa watu waliopitia hayo ndio wazazi wa wengi wanaowatazama leo Wacabo Verde wa Lisbon kama wageni.

Naomba mwandishi wenu aitazame tena Vitalina Varela hadi picha yake ya mwisho, ambapo tunarudishwa Cabo Verde na kuwaona mume na mke wangali vijana, wakipandisha kuta za nyumba yao.

Msomaji wenu,
Unguja