Farasi wa pili hajashinda, mhariri

Ndugu mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu niko Tanga, na hapa Liverpool nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikiwa kwenye basi naenda kazini, mwaka wa kumi na nne huu, sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nawaandikia maana ile habari yenu ya kukumbushia Jumamosi ya Grand National, zile mbio kubwa za farasi za kuruka viunzi hapa Liverpool, tarehe 5 Aprili 2025, imenikaa kooni. Mmejisifu kwamba utabiri wenu "haukuwa mbali" kwa sababu farasi wenu, I Am Maximus, kamaliza wa pili.

Wa pili, mhariri! Ijumaa ya kabla ya mbio mliandika UHAKIKA kwa herufi nene, mkasema kashinda 2024 na atarudia. Hamkuandika kwamba farasi akishinda mwaka huu mwakani anaongezewa mzigo mgongoni ili mbio ziwe sawa kwa wote. 2024 alibeba kilo 72 na ushee, safari hii akapandishwa mpaka 75, ndiye aliyekuwa na mzigo mkubwa kuliko wote uwanjani. Hamkuandika pia kwamba kushinda mbio hizi mara mbili mfululizo ni kazi ngumu mno, Red Rum alifanya hivyo 1973 na 1974, akaja kupatikana mwingine Tiger Roll 2018 na 2019. Miaka 45 katikati hapo. Mtu mwenye taarifa hizi halafu akaandika "uhakika" anawakosea wasomaji wake, na asiyekuwa nazo asipewe ukurasa.

Sasa nieleze kwa nini nina uchungu. Mdogo wangu anaendesha bodaboda Tanga, pikipiki si yake, kila wiki anapeleka hesabu kwa bosi. Ijumaa usiku akanipigia, dada umeona gazeti, kuna farasi wa uhakika huko huko kwenu, niwekee. Akamtumia mama elfu sabini kwa simu ili mimi nitoe paundi 20 huku. Nikamuuliza hii hela ya nini akaniambia ni yake, kumbe ni hesabu ya bosi ya wiki nzima. Jumamosi mchana nikaenda duka la kubeti lililo mtaa wa pili kutoka kwangu, sijawahi kuingia mle, foleni imetoka mpaka nje, wamama wazima na watu waliovaa suti za kwenda uwanjani, kila mtu kashika kikaratasi na vile vikalamu vyao vifupi. Dada wa kaunta akaniuliza, unataka kushinda tu au kushinda na kuingia nafasi? Sikujua tofauti, akanifafanulia vizuri tu kwamba hiyo ya pili ni mikeka miwili kwa pamoja, hela inagawanywa nusu kwa nusu, farasi asiposhinda lakini akawa kwenye wale wa juu unalipwa sehemu. Nikampigia mdogo wangu palepale foleni ikinisubiri. Akasema dada gazeti limesema anashinda, weka yote kushinda. Nikaweka. Nikarudi nyumbani nikawasha tivii, farasi 34, viunzi 30, karibu dakika kumi nimesimama katikati ya sebule siwezi kukaa, na mdogo wangu yuko hewani muda wote ananisikiliza mimi nikimtangazia. Wakaruka kiunzi cha mwisho, bado kuna ule mbio mrefu wa kumalizia, farasi mwingine, Nick Rockett, akawa anaondoka tu, odzi zake 33 kwa 1, yaani ukiweka paundi moja faida 33, na yule wenu anamfukuza hampati, akashinda Nick Rockett. Nikanyamaza. Mdogo wangu akauliza dada vipi, dada, dada upo? Kile kikaratasi ninacho mpaka leo kwenye droo ya jikoni. Angegawa kumi kwa kumi hela yake ingerudi yote na cha juu kidogo, na bosi angepata hesabu yake Jumatatu. Badala yake pikipiki ilichukuliwa, akakaa wiki tatu nyumbani hana kazi mpaka nilipotuma fidia. Mistari miwili tu ya maelezo kwenye gazeti lenu ingemsaidia, na mngeweza kuipata kwa mhudumu yeyote wa kaunta Uingereza nzima.

Na hiyo habari yenu ya kukumbushia ni utabiri mwanzo mwisho. Kwamba mwenye Nick Rockett, Stewart Andrew, alifiwa na mkewe Sadie kwa saratani na farasi huyo walikuwa naye pamoja, hamna. Kwamba joki, yaani mpanda farasi, Patrick Mullins si wa kulipwa, na mkufunzi ni baba yake mzazi, Willie Mullins, ambaye alibubujikwa machozi mbele ya kamera, hamna. Kwamba Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13, alianguka baada ya kiunzi cha mwisho kwa kuchoka na Jumanne akafa, hamna hata neno. Mnyama kafa na nyie mnahesabu odzi.

Halafu huo ukurasa zamani ulikuwa wa michezo ya shule. Mimi nililijua gazeti lenu kwa sababu ya matokeo ya UMITASHUMTA, baba alikuwa anayakata anayabandika ukutani. Sasa hivi robo tatu ya ukurasa ni mikeka, na mtoto wa Handeni aliyeruka juu kuliko wenzake wote hana pa kuandikwa.

Ninachoomba ni hiki. Kila mkitoa utabiri, Jumatatu inayofuata, ukurasa uleule, kona ileile, herufi za ukubwa uleule, andikeni: aliyeweka shilingi elfu moja kwa kila farasi na kila timu tuliyoitaja wiki hii, kabaki na shilingi ngapi. Namba moja tu. Na chini yake jumla tangu Januari. Mkikosa nafasi toeni ile picha ya mtabiri wenu, inakula robo ya safu.

Msomaji wenu,
Liverpool