Miligramu za omega ziko nyuma ya chupa

Mhariri,

Mitihani ya darasa la saba ikikaribia, chupa za omega, yaani kapsuli za mafuta, huhamia mbele kwenye kaunta za maduka ya dawa, nyingi zikiwa na picha ya mtoto mwenye miwani na kitabu. Mzazi anauliza "ya akili ni ipi?" na anapewa yenye namba nyingi: 3-6-9. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini namba hizo hazimsaidii, na zipi atazame kabla hajatoa hela.

Namba hizo ni aina tatu za mafuta. Omega-9 mwili unajitengenezea wenyewe. Omega-6 imejaa tele kwenye mafuta ya kawaida ya alizeti, na nyumba inayopikia alizeti kila siku haina haja ya kuinunua tena kwa bei ya dawa. Kinachotafutwa ni omega-3, na hiyo nayo si moja. Kuna ALA, ya mbegu za kitani na chia. Kuna EPA na DHA, za samaki. DHA ni sehemu ya kinachojenga ubongo na retina ya jicho. Mwili unaweza kuigeuza ALA kuwa DHA, ila kwa kiasi kidogo mno, kwa wanaume mara nyingi chini ya asilimia 1, kwa wanawake wa umri wa kuzaa zaidi ya hapo. Chupa ya mafuta ya kitani iliyoandikwa "omega-3" haidanganyi. Ila ubongo hauoni sehemu kubwa ya kilichomo.

Sasa geuza chupa. Kapsuli iliyozoeleka imeandikwa mbele "1000 mg". Huo ni uzito wa mafuta yote ya samaki. Nyuma, kwa maandishi madogo, utakuta EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Miligramu 700 zilizobaki ni mafuta tu. Chukua basi ile ya 3-6-9 ya miligramu 1,200, iliyogawanywa mafungu matatu sawa. Mafuta ya samaki humo ni 400, na kama ni ya daraja lilelile, EPA na DHA kwa pamoja ni 120. Namba zimeongezeka, mali imepungua. Tazama pia mstari wa kipimo, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huandika hesabu ya kapsuli mbili au tatu kana kwamba ni ya moja.

Kiasi gani kinatosha? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inataja miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku kwa mtu mzima, na kwa mjamzito au anayenyonyesha DHA ya ziada kati ya 100 na 200. FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, wanataja 100 hadi 150 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, 150 hadi 200 kwa wa miaka 4 hadi 6, na 200 hadi 250 kwa wa miaka 6 hadi 10. Kapsuli moja ya 300 kwa hiyo inamtosha mtu mzima. Pipi za kutafuna ndizo zinazopotosha zaidi: ziko zenye DHA miligramu 30 tu, na mtoto wa darasa la pili angepaswa kutafuna saba kwa siku, na sukari yake.

Kosa linalotutia wasiwasi kuliko yote ni kuchanganya mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki. Chupa zinafanana, na muuzaji mwenye haraka hutoa yoyote iliyo karibu na mkono. Mafuta ya ini yana vitamini A na D. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yasiyopunguzwa vitamini kinaweza kuwa na zaidi ya yuniti 4,000 za vitamini A, wakati kikomo cha kila siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni yuniti 2,000, na wa miaka 4 hadi 8 ni 3,000. Mtoto huyohuyo hupewa matone ya vitamini A kliniki kila miezi sita hadi anapofikisha miaka mitano, yuniti 200,000 kwa aliyevuka mwaka. Vitamini A ya ziada haitoki na mkojo, inahifadhiwa kwenye ini. Mjamzito asiyaguse kabisa mafuta ya ini, kwa kuwa vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Je, mafuta ya omega-3 yanaongeza akili? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya watoto wa miaka 7 hadi 9 waliopewa miligramu 600 za DHA kila siku kwa wiki 16. Kwa kundi zima, usomaji haukupanda. Kwa wale waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma kulionekana nafuu ndogo, na nafuu hiyo ikaingia kwenye matangazo dunia nzima. Mwaka 2018 timu hiyohiyo ilitoa matokeo ya jaribio la pili, safari hii kwa wasomaji dhaifu tu, na nafuu haikuonekana tena. Matokeo haya ya pili hujayaona kwenye boksi lolote.

Kwa wazee habari ni hiyohiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwapa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, gramu 2 za DHA kwa siku kwa miezi 18, na ugonjwa haukupunguza mwendo. Mwingine wa mwaka 2015, kwa wazee zaidi ya 3,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka mitano, haukuona kumbukumbu ikilindwa. Anayekunywa kapsuli nne au tano kwa siku kwa imani kwamba nyingi ni bora ajue kuwa dozi inayozidi gramu 1 ya EPA na DHA imehusishwa na moyo kupiga bila mpangilio. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari wake kwanza.

Mahali ambapo faida imeonekana wazi ni kwenye ujauzito, na hata hapo si kwa akili. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, uliokusanya majaribio 70, ulikuta kwamba katika kila wajawazito 1,000, wanaojifungua kabla ya wiki 37 walishuka kutoka 134 hadi 119. Ajabu ni kwamba picha ya mjamzito kwenye chupa ni nadra kuliko ya mwanafunzi.

Anayeamua kununua asinunue iliyopangwa dirishani juani. Omega-3 huharibika upesi kwa joto, mwanga na hewa. Ukifika nyumbani toboa kapsuli moja kwa pini iliyo safi, unuse. Harufu nyepesi ya samaki si tatizo. Ikinuka kama rangi ya mafuta ya kupakia milango, au ikikwaruza koo, imechacha. Zenye ladha ya limau au chungwa huficha harufu hiyo, hivyo hapo hutegemei pua, tegemea tarehe. Mtoto mdogo asipewe kapsuli nzima, atakabwa. Minya mafuta juu ya uji uliokwisha kupoa. Mbweu za samaki hupungua ukinywa pamoja na chakula chenye mafuta, si alfajiri tumbo tupu, na kwa baadhi ya kapsuli chakula hicho ndicho kinachofanya mafuta yafyonzwe.

Kwa wasiokula samaki kuna kapsuli za DHA ya mwani. Isichanganywe na mwani unaolimwa baharini Paje na Jambiani, Zanzibar, ambao karibu hauna mafuta. Huu mwingine ni wa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, unaokuzwa kwenye matangi.

Walio wengi, hata hivyo, wangeishia sokoni. Kopo dogo la sadini la gramu 125, ukishamwaga mafuta yake, lina EPA na DHA sawa na kapsuli mbili hadi tatu za 300. Makopo mawili kwa wiki yanakaribia mahitaji ya mtu mzima. Vibua ni wazuri pia, lakini ukiwazamisha kwenye karai la mafuta ya moto, sehemu ya omega yao inavujia huko na alizeti inaingia mahali pake. Wachemshe au wape mchuzi. Papa na nduaro mjamzito na mtoto wawaache, kwa ajili ya zebaki.

Dagaa wachaguliwe kwa rangi. Wanaong'aa kama fedha walianikwa vizuri, kwa kawaida juu ya chanja. Waliogeuka manjano au hudhurungi tumboni na wenye uchungu mdomoni, mafuta yao yameshaharibika, wamebaki na protini na madini, ambavyo navyo si haba. Unga wa dagaa wa uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita usage wa wiki moja tu, ufunikwe vizuri, kwa sababu ukishasagwa hewa inaufikia kila upande. Na mtoto anayesinzia darasani apimwe damu na minyoo kabla ya kununuliwa omega. Upungufu wa madini ya chuma huzorotesha ubongo wake kwa uhakika zaidi kuliko kukosa kapsuli.

Gazeti lako, Mhariri, hupokea matangazo ya bidhaa hizi. Tunaomba kila tangazo liandikwe miligramu za DHA na EPA kwa kipimo cha siku moja. Ni tarakimu sita, nafasi inatosha.

Wafamasia na maofisa lishe,
Dar es Salaam